Alikwenda Kariakoo, Hakurudi

Mimi ni bibi wa miaka 65. Ninaishi Segerea, wilaya ya Ilala, mkoa wa Dar es Salaam. Nina genge dogo la nazi, dagaa na viungo. Nimekaa Segerea tangu mwaka 1984. Ukiwaambia watu kuwa unatoka Segerea, hucheka na kukuuliza, "Umetoka lini?" Huuliza hivyo kwa sababu kwetu kuna gereza, na wengi huijua Segerea kwa gereza hilo tu. Sisi tunaoishi huko tumezoea utani huo.

Leo nataka kuwasimulia safari niliyofanya katika mkoa wangu mwenyewe. Sikupanda ndege wala sikulala njiani. Nilipanda daladala tu. Lakini katika safari hiyo nilipata kitu ambacho ukoo wetu ulikuwa karibu kukipoteza kabisa.

SWALI LA MJUKUU

Jambo lenyewe lilianza hivi. Shule zilipofungwa mwezi wa sita, mjukuu wangu alikuja kukaa kwangu. Yeye yuko darasa la sita. Mwalimu wao alikuwa amewapa kazi ya likizo. Kila mwanafunzi aandike habari za mahali pa kutazama katika mkoa wake.

Mtoto akaniuliza, "Bibi, niandike nini?"

Nikamjibu, "Andika habari za Mlima Kilimanjaro."

Akasema, "Bibi, Kilimanjaro uko mkoa wetu?"

Nikanyamaza. Kisha nikasema, "Basi andika habari za Serengeti, kuna simba wengi."

Akacheka. "Bibi, na Serengeti pia haiko kwetu. Wewe umekaa Dar es Salaam zaidi ya miaka 40. Umeona nini?"

Nikaanza kuhesabu moyoni. Ninaijua njia ya kutoka Segerea kwenda Tabata, Buguruni, Ilala mpaka Kariakoo. Huko hununua mali ya genge, kisha hurudi kwa njia ile ile. Ninaijua hospitali ya Muhimbili, maana nilipata kulazwa huko. Zaidi ya hapo sikuwa na la kumwambia. Miaka yote hiyo nilikuwa nimepita mjini kama mtu aliyefunikwa gunia kichwani.

Niliona haya. Nikamwambia, "Mume wangu, Jumamosi tutafunga genge. Tutakwenda kuutazama mkoa wetu." Sisi watu wa pwani, bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wake. Ni utani wetu wa siku zote.

MJI ULIOANZA KANDO YA BAHARI

Jumamosi tuliondoka asubuhi na mapema. Tulifungasha chapati na chupa mbili za maji. Tulipofika Posta, tulishuka tukatembea kwa miguu mpaka kando ya bahari.

Hapo ndipo mji ulipoanzia. Zamani palikuwa na kijiji kilichoitwa Mzizima. Katika miaka ya 1860, Sultani Majid wa Unguja alianza kujenga mji mahali hapo. Jengo moja la wakati ule bado lipo karibu na bandari. Linaitwa Boma la Kale. Kuta zake ni nene, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Majid alifariki mwaka 1870 kabla mji haujakua. Baadaye Wajerumani walikuja, na mwaka 1891 wakaufanya mji huu kuwa makao makuu ya koloni lao.

Tuliona pia makanisa mawili yaliyojengwa wakati wa Wajerumani. Moja ni la Wakatoliki, la Mtakatifu Yosefu. Jingine ni la Walutheri, la Azania Front, lenye mapaa ya vigae vyekundu. Mjukuu aliandika yote katika daftari. Mimi nilimshikia chupa ya maji.

Leo mji ulioanza kwa kijiji kile una watu wengi mno. Katika Sensa ya mwaka 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728. Nilipomwambia mjukuu kwamba na mimi nilihesabiwa humo, alifurahi. Akasema, "Na mimi pia!"

SANAMU YA ASKARI

Kutoka hapo tulikwenda mpaka njia panda ya Barabara ya Samora na Mtaa wa Azikiwe. Katikati ya njia panda pana sanamu ya askari Mwafrika. Ni ya shaba nyeusi. Askari ameinama kidogo, ameshika bunduki yenye singe, ameielekeza bandarini. Watu wa mjini husema tu "Askari", na madereva wote wanapajua.

Nimepita hapo ndani ya daladala mara nyingi. Sikupata hata siku moja kuuliza, askari huyu ni nani?

Siku hiyo tulisogea karibu. Chini ya sanamu pana maandishi. Yako ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ya Kiswahili kwa herufi hizi tunazosoma sisi, na ya Kiingereza. Mjukuu alitaka kunisomea. Nikamzuia. "Ngoja, nitasoma mwenyewe."

Ndugu wasomaji, mimi sikupelekwa shule nilipokuwa mtoto. Nilijifunza kusoma mwaka 1975 katika darasa la kisomo kijijini kwetu, chini ya mwembe. Nilikuwa na miaka 15. Mpaka leo ninasoma polepole. Ninaweka kidole chini ya neno. Kwa hiyo nilisimama pale, magari yakipita huku na huku, nikasoma neno moja moja.

Nilifahamu kuwa sanamu ile ni ukumbusho wa Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, iliyopiganwa tangu mwaka 1914 mpaka 1918. Waingereza waliisimamisha mwaka 1927. Kabla yake, mahali pale palikuwa na sanamu ya mkubwa wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji mwezi wa Septemba 1916, waliiondoa.

Lakini maandishi hayakuwataja askari peke yao. Yaliwataja pia watu waliobeba mizigo ya jeshi. Yalisema kwamba watu hao ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi.

Mjukuu akatazama juu, akaniuliza, "Bibi, juu pale ninamwona askari tu. Hao waliobeba mizigo majina yao yako wapi?"

Tulizunguka sanamu yote. Hatukuona jina la mtu hata mmoja.

MANENO YA MHIFADHI

Kutoka hapo tulitembea mpaka Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1940. Watanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni, na mtoto hulipa kidogo zaidi.

Tulipewa habari za fuvu la kiumbe wa kale aliyeitwa Zinjanthropus. Mary Leakey aliligundua katika bonde la Olduvai mwezi wa Julai 1959. Wataalamu wanasema fuvu hilo lina umri wa miaka ipatayo milioni moja na robo tatu. Mjukuu alisimama akashika meno yake mwenyewe, kwa maana meno ya kiumbe yule ni makubwa kweli kweli.

Mimi mawazo yangu yalikuwa bado kwenye sanamu. Nikamwuliza mhifadhi aliyetutembeza, "Mwanangu, wale watu waliobeba mizigo wakati wa vita walikuwa akina nani?"

Mhifadhi akanijibu kwa upole. "Mama, walikuwa wanakijiji wa nchi hizi zetu. Wakati ule barabara zilikuwa chache sana. Farasi na ng'ombe walikufa njiani kwa kuumwa na mbung'o. Kwa hiyo risasi, unga, mahema na dawa vilibebwa vichwani mwa watu. Mjerumani alichukua watu, na Mwingereza akachukua watu. Wengine walikubali kwa ajili ya mshahara. Wengi walikamatwa kwa nguvu vijijini mwao. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja. Walioandikwa kwamba walikufa wanakaribia laki moja, na wengi hawakuandikwa. Hawakuuawa sana kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa."

Kisha akasema, "Jeshi lile la wapagazi Waingereza waliliita Carrier Corps. Watu wetu waliposikia neno hilo walilitamka kwa ulimi wetu. Wakasema Karia-koo. Hapa Dar es Salaam wapagazi hao walikuwa na kambi yao. Kambi ilipoondoka, jina likabaki. Ndipo mahali lilipo soko sasa. Ndiyo Kariakoo yetu, mama."

Nilisikia miguu imekuwa mizito. Nilimwomba mjukuu anitafutie mahali pa kukaa.

MANENO YA BIBI YANGU

Sasa niwaeleze kwa nini nilikaa chini.

Kwetu hasa ni Maneromango, wilaya ya Kisarawe. Nilipokuwa mtoto mdogo, bibi yangu mzaa mama alikuwa hai. Alizaliwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Jioni, tukichambua mpunga, alikuwa akitusimulia habari za zamani. Habari za baba yake zilikuwa fupi sana. Alisema hivi tu: "Baba yangu alikwenda Kariakoo, hakurudi. Mimi nilikuwa mdogo. Nakumbuka mgongo wake tu."

Maneno hayo yakawa msemo wa nyumbani kwetu. Mtoto akitumwa kisimani akachelewa, mama alimwuliza, "Ulikwenda Kariakoo?" Sote tulicheka. Hata mimi nilipohamia mjini mwaka 1984, mama alinionya, "Ukifika Kariakoo, angalia usije ukapotea kama babu."

Mimi niliamini kuwa baba yake bibi alikwenda sokoni. Niliamini kuwa alipotea kwenye msongamano, au alipata mwanamke mjini akawasahau watoto wake. Nilipata hata kumlaumu moyoni. Niliwaza, baba gani huyu, anakwenda sokoni anaacha mtoto mdogo asirudi?

Kumbe hakwenda sokoni. Wakati ule hapakuwa na soko hilo tunalolijua. Kariakoo aliyoitaja bibi haikuwa mahali. Lilikuwa jeshi la wapagazi. Mzee wa watu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita isiyokuwa yake. Na sisi tukamfanya msemo wa kuchekea watoto wanaochelewa kisimani.

Mhifadhi alinipa jambo moja zaidi. Iko tume inayotunza makaburi ya askari wa Uingereza na wa nchi zilizokuwa chini yake. Mwaka 2021 tume hiyo ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Mjukuu akaninong'oneza, "Bibi, na babu yetu jina lake nani?"

Sikulijua. Bibi alimwita "baba". Mama alimwita "babu". Bibi amekwisha kufariki, na mama amefariki pia. Hakuna aliyenitajia jina.

KARIAKOO KWA MACHO MENGINE

Wakati wa kurudi tulishuka Kariakoo. Nimekuja hapo labda mara elfu kadha. Siku hiyo niliona kama nimeletwa mahali pageni.

Tulilitazama jengo la soko lenye paa kama miavuli mikubwa. Jengo hilo lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Mwezi wa Julai 2021 liliungua moto. Sisi wenye magenge tulihangaika sana wakati ule. Baadaye Serikali ililikarabati.

Pembeni, vijana walikuwa wakishusha magunia kwenye lori. Kijana mmoja alipita mbele yetu, amebeba gunia mgongoni, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni. Alipiga kelele, "Njia! Njia, mama!" Siku nyingine ningesonya. Siku hiyo nilimpisha, nikamwambia, "Pole, mwanangu. Pita."

Mjukuu alinitazama, lakini hakusema kitu. Daftari lake alilikumbatia kifuani.

SAFARI YA KISARAWE

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka kuwa mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, bado yuko hai kule Maneromango. Umri wake umepita miaka 80, na siku hizi husahau mambo. Nikawaza, kama yeye naye analo jina hilo, basi lazima nilifuate sasa. Akifunga macho yeye, jina nalo limefungwa.

Jumamosi iliyofuata tulifunga genge tena. Tulikwenda Gongo la Mboto, kisha Pugu, kisha Kisarawe. Njiani nilimwonyesha mjukuu upande iliko shule ya Pugu. Hapo ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha kabla ya kuacha kazi ya ualimu mwaka 1955, ili afanye kazi ya TANU ya kudai Uhuru. Baada ya Pugu barabara inapita kwenye vilima vyenye msitu wa asili. Huko kuna mapango ya migodi ya zamani ya udongo mweupe, na popo wengi wanakaa humo. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, hata ile njia ya kwetu ninayopita kila mwaka kwenda kuzika na kuoza ilikuwa na mambo ya kutazama. Nilikuwa nikisinzia tu ndani ya basi.

Tulimkuta mama mdogo amekaa barazani, anasuka ukili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani wewe?"

Nilimwambia jina langu mara mbili. Akanikumbuka. Akafurahi sana, akamwita mjukuu wangu "mume mwenzangu", kwa kuchanganya maneno, tukacheka sote.

Baada ya chakula nilimweleza habari zote. Sanamu, makumbusho, na maana ya jina Kariakoo. Alisikiliza, mikono imetulia juu ya ukili. Nikamwuliza, "Mama, babu yenu yule aliyekwenda Kariakoo, aliitwa nani?"

Akatikisa kichwa. "Sikumbuki, mwanangu. Mambo ya zamani hayo."

Nilivunjika moyo, lakini sikumlazimisha. Tulizungumza mambo mengine. Tulizungumza habari za mihogo, za mvua, za watoto wa jirani. Jua likaanza kushuka. Tulipokuwa tukijiandaa kuondoka, ghafla akasema, "Kaka yako."

Nikasema, "Kaka yangu yupi, mama?"

"Yule wa kwanza. Aliyekufa kwa surua kabla hujazaliwa wewe. Mama yako alimpa jina la babu. Mtoto alipokufa, watu wakasema jina hilo lina mkosi, lisirudiwe. Ndiyo maana wewe hulijui."

Kisha akalitaja jina.

Alilitaja mara moja tu, polepole. Nikamwuliza na jina la baba yake yule mzee. Alifikiri kwa muda mrefu. Mwisho akasema, "Hilo sikupewa." Basi hilo limepotea. Hakuna wa kumwuliza tena.

Mjukuu akafungua daftari ili aandike. Nikamwomba kalamu. Nikaandika mwenyewe kwa mkono wangu. Niliandika jina la mzee wetu. Chini yake nikaandika: "Wa Maneromango. Alichukuliwa kubeba mizigo ya Vita Kuu. Hakurudi." Mwandiko wangu si mzuri, lakini unasomeka.

Jina hilo sitaliandika hapa, maana ni la ukoo wetu. Lakini tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna anayesema "Ulikwenda Kariakoo?" kwa mtoto aliyechelewa. Na mwaka huu, tulipomsomea mama dua, tulimsomea na mzee huyo kwa jina lake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu achukuliwe.

USHAURI WANGU KWENU

Ndugu wasomaji, huenda mtasema, "Huyu bibi anakaa Dar es Salaam, ndiyo maana ana vitu vya kutazama. Sisi tuko shamba." Sivyo. Kila mkoa una mambo yake. Ndugu wa Lindi wana Kilwa Kisiwani, mji wa kale wa mawe uliojulikana duniani zamani sana. Ndugu wa Dodoma wana michoro ya kale kwenye miamba ya Kondoa. Ndugu wa Iringa wana Kalenga, makao ya Mtwa Mkwawa, ambako fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954. Ndugu wa Songea wana makumbusho ya mashujaa wa Maji Maji. Ndugu wa Kigoma wana Ujiji. Ndugu wa Pwani wana Bagamoyo na magofu ya Kaole. Wageni hutoka nchi za mbali kuja kuyaona mambo hayo. Sisi tunapita kando yake tukiwa na vikapu.

Kwa hiyo ninawashauri mambo matatu.

Kwanza, tembeeni. Chagueni siku moja katika mwaka, mwende na watoto mkaone jambo moja lililo karibu nanyi. Kama ni kilima, ulizeni kwa nini kina jina lile. Kama ni mti mkubwa, ulizeni nani alikaa chini yake.

Pili, someni. Popote penye maandishi, simameni msome, hata kama mnasoma polepole kama mimi. Msione haya kuweka kidole chini ya neno. Kama nisingejua kusoma, ningemtazama yule askari wa shaba nikaondoka.

Tatu, waulizeni wazee, tena waulizeni mapema. Waulizeni majina ya waliowazaa, na majina ya waliowazaa wale. Andikeni katika daftari, mliweke pamoja na vyeti vyenu na kadi za kliniki za watoto. Mimi nilichelewa, nikapata jina moja na kukosa la pili.

Mjukuu wangu alipeleka kazi yake shuleni. Hakuandika habari za Kilimanjaro wala za Serengeti. Aliandika habari za soko analonunulia bibi yake dagaa.

Mimi nimerudi gengeni. Kila Jumanne bado ninakwenda Kariakoo kununua mali. Daladala linapokaribia, kondakta huita kwa sauti, "Kariakoo! Kariakoo mwisho!" Abiria wote hushuka. Na mimi hushuka pamoja nao, nikalitaja lile jina moyoni, kisha nikaenda kununua nazi.